«Ni buzee» si jibu: barua ya wazi kwa wanaosimamia afya ya Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa jimbo na Mkuu wa Divisheni ya Afya,
Kwa wabunge wetu wa jimbo na Meya wa jiji la Lubumbashi,

Waheshimiwa,

Baba yangu ni fundi wa nguo. Kwa zaidi ya miaka 40 ameshona suruali, sare za shule na kanzu za kwaya katika kibanda kimoja hapa Katuba. Wateja walitoka hadi Kamalondo, wakiwapita mafundi wengine njiani, kumfuata yeye, kwa sababu mshono wake ulinyooka kama kamba ya mwashi.

Mwaka mmoja, mvua za Novemba zilipoanza, baba alianza kufumua kazi nzuri. Anashona mguu wa suruali, anauinua kwenye mwanga, anaguna, anachukua wembe, anafumua. Anashona tena, anafumua tena. Mimi nikiutazama ule mshono naona umenyooka. Mama naye anaona umenyooka. Baba peke yake ndiye aliyeuona unajipinda kama nyoka. Tulidhani amechoka, kisha tukadhani ana ugomvi na mteja asiotaka kutuambia. Siku aliyoniuliza, «Mwanangu, ile nguzo ya umeme ya barabarani imepinda tangu lini?» ndipo moyo wangu ulipostuka. Nguzo ile haijapinda hadi leo.

Nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Sitakitaja, maana nina hakika kwamba milango mingine mingi ingetupa maneno yaleyale. Muuguzi alikuwa mtu wa heshima. Alimwita Papa, alimpa kiti, alimuuliza umri. Baba akajibu, 68. Muuguzi akatabasamu. «Papa, ni buzee tu. Macho nayo inachokaka.» Yaani ni uzee tu, macho nayo huchoka. Tukarudi nyumbani na matone ya macho na vidonge vya vitamini. Baada ya miezi miwili tukarudi, tukaambiwa anunue miwani. Alinunua miwani tatu sokoni, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na nguvu kuliko iliyotangulia. Mshono uliendelea kupinda, na katikati yake pakaota doa la kijivu.

Miezi minane ilipita hivyo. Mwishowe ndugu wa kanisani alituelekeza kwa daktari bingwa wa macho. Huyo alimtilia baba dawa ya kupanua mboni, akasubiri, akaangalia ndani ya jicho kwa taa yake, akanyamaza. Halafu akatueleza: ni DMLA, ugonjwa wa kuchakaa kwa sehemu ya katikati ya retina kunakoletwa na umri. Ni ya aina ya maji, na katika jicho la kushoto kovu limekwisha kufanyika. «Kama angefika katika wiki za kwanza,» alisema, «leo tungekuwa tunapanga matibabu ya jicho hili.»

Waheshimiwa, nawaandikia kwa ajili ya zile wiki za kwanza. Siwaombi jengo jipya lenye vioo. Nawaomba mfanye kazi ili katika jimbo hili lote, mtu yeyote anayevaa koti jeupe asimjibu tena mzee mwenye macho yanayobadilika kwa neno «ni buzee» na kumrudisha nyumbani.

Sikujua lolote kuhusu ugonjwa huu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimejifunza kwa kuuliza, na niliyoyaelewa naweza kumweleza mtoto wa darasa la tano, kwa hiyo naamini yanaweza kuelezwa kwa kila muuguzi na kila familia.

Ndani kabisa, nyuma ya jicho, kuna utando mwembamba unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Huo ni retina. Katikati yake kuna sehemu ndogo yenye upana wa milimita 5 hivi, kama nusu ya kifungo cha shati. Hiyo ndiyo makula. Kila kitu unachokikazia macho kinapita hapo: sura ya mtu, herufi za barua hii, tundu la sindano, namba kwenye noti ya faranga. Sehemu nyingine ya retina inaona pembeni tu. DMLA ni kuchakaa kwa makula kunakoletwa na umri, na kwa kawaida kunawapata waliovuka miaka 50, hasa baada ya 60 na 70. Hakuumi. Jicho halivimbi wala haliwi jekundu. Mgonjwa hapati giza totoro: anatembea uani bila kujikwaa, anamwona kuku anayepita ubavuni, ila akikutazama usoni, uso haupo. Basi watu wanasema mzee anajifanya. Anaona kuku, anashindwaje kumwona mjukuu wake? Maneno hayo nimeyasikia ndani ya ua wetu, na kuna siku nami niliyawaza, jambo ambalo nimemwomba baba msamaha.

Kuna aina mbili. Ile kavu ndiyo ya wagonjwa walio wengi, karibu 9 kwa kila 10. Chini ya retina hujikusanya vidoa vya njano, madaktari wanaviita druzeni, na chembe za makula hufa polepole kwa miaka. Ile ya maji ni ya wachache, lakini ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya upofu mzito wa ugonjwa huu. Ndani yake huota vimishipa vipya vya damu mahali pasipostahili, vimishipa dhaifu vinavyovuja. Maji na damu huinua makula, kama maji yanavyoinua sakafu ya udongo, na ndiyo sababu mstari ulionyooka unaonekana umepinda. Maji hayo yakiachwa, yanaacha kovu. Kovu likishafanyika hakuna dawa ya kulifumua.

Kabla ya kovu, dawa ipo. Miili yetu hutengeneza protini inayoamuru mishipa ya damu iote. Dawa za kuzuia protini hiyo, zikidungwa ndani ya jicho, hukausha uvujaji. Ranibizumabu, inayouzwa kwa jina la Lucentis, iliruhusiwa Marekani mwaka 2006, na tangu hapo wagonjwa wengi wanaotibiwa mapema wameacha kupoteza kuona, baadhi yao wakarudishiwa mistari kadhaa ya herufi kwenye ubao wa daktari. Lakini ni ghali mno. Ina ndugu yake wa bei ndogo, bevasizumabu, inayojulikana kama Avastin, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani iligharamia utafiti wa kuzilinganisha kwa wagonjwa karibu 1,200. Matokeo yalitoka mwaka 2011: katika kuokoa kuona zilikuwa sawasawa, huku kule kwao dozi moja ya Lucentis ikigharimu dola 2,000 hivi, na ya Avastin kama dola 50. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka bevasizumabu katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya macho. Dawa muhimu, waheshimiwa, maana yake ni dawa ambayo nchi maskini nayo inatakiwa iwe nayo.

Najua nitakaloambiwa: huo ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli kwamba hatua kali za DMLA zinaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya kuliko kwetu. Ni kweli pia kwamba katika Afrika mtoto wa jicho na presha ya jicho vinapofusha watu wengi kuliko DMLA, na presha ya jicho inatushika sisi weusi mapema na kwa ukali. Siyafichi hayo. Ila uchache si sawa na kutokuwapo. Watafiti walikadiria mwaka 2014 kwamba wenye ugonjwa huu duniani wangefika milioni 196 mwaka 2020 na milioni 288 mwaka 2040, kwa sababu watu wanaishi zaidi, na hata hapa Lubumbashi wapo wazee wa miaka 80 ambao wazazi wao hawakufika 60. Tena, mlango ninaowaomba mfungue ni mmoja kwa magonjwa yote hayo. Mtu anayepima jicho moja moja, anayepanua mboni na kuangalia ndani, atagundua mtoto wa jicho wa mama huyu, presha ya jicho ya baba yule, na retina iliyoharibiwa na sukari ya jirani yao. Hata sindano yenyewe si ya DMLA peke yake. Dawa hiyohiyo inatibu makula iliyovimba kwa sababu ya kisukari, na baadhi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, ambao mishipa ya retina yao imeota vibaya. Hapo mnamkuta bibi na kichanga wakihitaji chupa moja.

Sasa niwaambie habari ya jicho la kulia.

Yule daktari bingwa hakutuacha tuondoke mikono mitupu. Alimpa baba karatasi yenye miraba midogo kama ya daftari la hesabu, na nukta moja nyeusi katikati. Mchoro huo ulitungwa na Marc Amsler, daktari wa macho wa Uswisi, katika karne iliyopita, na bado hakuna kifaa rahisi kuliko huo. Unavaa miwani yako ya kusomea, unaishika karatasi umbali wa sentimita 30 hivi, unafunika jicho moja, unaikazia macho ile nukta. Je, mistari yote imenyooka? Kuna miraba iliyofutika? Kisha jicho la pili. Ni kazi ya dakika moja. Kufunika jicho moja ndiyo siri yenyewe, maana macho mawili yakiwa wazi, lililo zima linamfichia mwenzake. Ndivyo jicho la kulia la baba lilivyotudanganya sote kwa miezi, naye akiwemo. Kituoni hakuna aliyemwambia afunike jicho.

Baba aliibandika karatasi ile kwenye mlango wa jikoni. Kila asubuhi, kabla ya chai, anasimama pale na kiganja juu ya jicho. Mwaka mmoja na miezi mitatu ilipita. Asubuhi moja ya Julai, baridi kali, aliniita: «Njoo. Mistari ya chini inacheza.» Siku ileile tulikuwa kwa daktari. Aliona maji yameanza. Dawa hatukufanikiwa kuipata mjini wakati ule, kwa hiyo baba aliuza cherehani yake ya pili, tukavuka mpaka Kasumbalesa, tukaifuata Zambia. Sindano tatu, moja kila mwezi, kisha nyingine kwa kuachanisha kadiri daktari alivyoona. Watu wananiuliza kama inauma, sindano ya jicho. Kwanza ni matone ya ganzi, kisha dawa ya kahawia ya iodini ya kuua vijidudu, kisha sindano nyembamba sana kupitia weupe wa jicho. Baba anasema alihisi kama mtu amembonyeza kwa kidole. Aliogopa zaidi ule msongamano wa Kasumbalesa.

Jicho la kulia bado linasoma. Linasoma Biblia ya herufi kubwa, linatambua nyuso, linaona mjukuu akicheka. Jicho la kushoto lina kovu. Macho hayo ni ya mtu mmoja, yana umri mmoja, yamekula chakula kimoja. Lililopotea lilipewa jibu la buzee, na lililobaki lilipewa karatasi na likafikishwa kwa daktari siku ileile mistari ilipocheza.

Kuna jambo jingine ninaloona vigumu kuliandika, lakini nisipoliandika mimi sijui nani ataliandika. Jicho la kushoto lilipokuwa linazimika, baba alianza kuona watu. Jioni, akiwa amekaa kimya barazani, aliona watoto wadogo wamevaa kofia, wamepanga mstari ukutani. Hawakusema kitu. Siku nyingine aliona maua juu ya sakafu ya saruji, au kitambaa chenye mapambo ambacho hakikuwapo. Alijua hawapo. Akinyoosha mkono hakugusa kitu. Alinieleza kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri dhambi, akaniomba nisimwambie mtu. Lakini nyumba zetu zina kuta nyembamba. Habari ikatoka. Mmoja akasema amerukwa na akili. Mwingine akasema hao watoto ni wale aliowala. Akaja mtu wa maombi akitaka baba afunge siku saba, bila maji, mzee wa miaka 69 mwenye presha ya damu.

Hali hiyo ina jina. Charles Bonnet, mtu wa Geneva, aliiandika mwaka 1760 baada ya kumsikiliza babu yake, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, akieleza watu, ndege na majengo aliyoyaona na ambayo hayakuwapo, hali akili yake ilikuwa timamu. Ubongo uliozoea kupokea picha kutoka kwenye jicho, usipopokea kitu, unajichorea zake. Haihusiani na wazimu, na wachawi hawana sehemu humo. Huwapata watu wengi wanaopoteza kuona, na kwa kawaida hupungua kadiri muda unavyopita. Baba alipoelezwa hivyo alilia. Hakulia siku aliyoambiwa jicho limekufa; alilia siku aliyoambiwa kwamba hajarukwa na akili.

Mnaijua Lubumbashi, waheshimiwa. Mnajua kinachoweza kumpata mzee katika karitie akishasemwa hivyo. Naomba jambo hili lifundishwe kwa wauguzi, na kwa wachungaji, mapadri na maimamu vilevile, kwa sababu familia hufika kwao kabla ya kufika hospitali. Mzee anayeona visivyokuwapo apelekwe akapimwe macho kwanza.

Nirudi kwenye ninayoyaomba. La kwanza halihitaji fedha ya kutajwa. Mchoro wa miraba uchapishwe, maelezo yake yakiwa kwa Kiswahili chetu, ubandikwe katika kila kituo cha afya cha kila zoni ya afya, parokiani, sokoni, na mahali wastaafu wanapopanga foleni ya pensheni. Ba reko wetu, wale wahamasishaji wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba kutangaza chanjo, waugawe na kuufundisha. Tusiambiwe haiwezekani. Nchi hii imepambana na upofu wa mto, ugonjwa unaoenezwa na inzi wa mitoni, kwa njia hiyohiyo: dawa ya ivermektini, iliyotolewa bure na kampuni ya dawa ya Merck tangu 1987, imefikishwa vijijini na wanavijiji wenyewe, waliofundishwa kupima kimo cha mtu kwa kijiti na kuhesabu vidonge. Mwenye kuweza hilo ataweza kumfundisha bibi kufunika jicho moja.

La pili ni agizo, na agizo mnaweza kulitia saini kesho. Kila aliyevuka miaka 50 akilalamika kwamba kuona kwake kumebadilika, apimwe kila jicho peke yake kwa ubao wa herufi na kwa miraba. Mistari ikipinda au doa likitokea katikati, apewe barua ya rufaa siku hiyohiyo, na hospitali kuu ya rufaa impokee ndani ya siku chache. Mambo ya miadi ya baada ya miezi mitatu hayafai hapa. Wauguzi hawana kosa kwa kutojua ambacho hakuna aliyewafundisha. Siku moja ya mafunzo katika kila zoni ingetosha kuanza, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba cha kuwategemea.

La tatu ni dawa yenyewe, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa kuwa ndipo visingizio vinapozaliwa. Bevasizumabu huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, baridi ileile ya chanjo za watoto. Friji za namna hiyo jimbo linazo, pamoja na watu wanaojua kuzilinda umeme unapokatika. Chupa ya mililita 4 imefanywa kwa wagonjwa wa saratani. Jicho moja linahitaji mililita 0.05 tu, kwa hiyo chupa moja hugawanywa kwa macho mengi, na hapo bei inashuka. Ila kugawanya huko lazima kufanywe na mfamasia aliyefundishwa, mahali safi kabisa, kwa vifaa vya kuua vijidudu, maana uchafu ukiingia ndani ya jicho unaweza kulipofusha kwa siku chache. Sitaki dawa hii ichotwe kienyeji kwenye kibanda cha farmasi. Nataka jimbo lichague hospitali moja, liipe chumba, mfamasia, daktari na mashine ya kupiga picha za tabaka za retina, na siku moja maalum kila wiki ya kuwaita wagonjwa wote pamoja ili chupa isiharibike. Kwa hao wanaotoka Kipushi, Likasi au Kasenga, siku inayojulikana ni nusu ya matibabu.

Kuhusu kinga nitasema kwa ufupi. Umri hatuurudishi nyuma, wala damu ya ukoo hatuibadilishi. Mwenye mzazi au ndugu mwenye DMLA awe wa kwanza kupimwa, nami nimeanza kujipima. Lakini sigara iko mikononi mwetu. Mvutaji yuko katika hatari mara mbili hadi nne ya asiyevuta, na hapa sigara inauzwa mojamoja kando ya milango ya shule. Bwana Meya, hilo ni lako. Presha ya damu nayo itunzwe. Na chakula: sombe, matembele na lengalenga vina luteini, ambayo makula huihifadhi kama kinga yake, na samaki ni wazuri. Nilifurahi kujifunza kwamba zeaksanthini, mwenzake luteini, ilipewa jina kutokana na jina la kisayansi la mahindi, kwa sababu imo katika mahindi ya njano. Sisi tumezoea bukari (ugali) bweupe na tunayadharau yale ya njano kama chakula cha kuku.

Kuna wauzaji wanaopita kwenye mabasi na vipaza sauti, wakinadi vidonge vya «kuponya macho yote». Wazuieni. Vitamini zilizopimwa kweli, katika tafiti za Marekani zilizotoka mwaka 2001 na 2013, ni mchanganyiko maalum wenye vitamini C na E, zinki na shaba, na siku hizi luteini na zeaksanthini. Zinapunguza kwa takriban robo uwezekano wa mtu aliye katika hatua ya kati kufika hatua kali. Haziponyi, na hazimsaidii asiyeugua. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa na beta-karotini, ambayo vidonge vyake huwaongezea wavutaji hatari ya saratani ya mapafu. Baba alikunywa vidonge visivyo na maandishi kwa miezi minane. Fedha ile ingetufikisha kwa daktari bingwa mara kadhaa.

Bado wapo ambao tumechelewa kuwafikia, na wenye aina kavu iliyosonga mbele, ambao hata dawa mbili zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2023 zinawapunguzia tu kasi ya ugonjwa bila kuwarudishia walichopoteza. Hao wasitupwe. Kioo cha kukuzia, taa yenye mwanga mkali juu ya kitabu, kikombe cheupe kwenye meza nyeusi, utepe wa rangi kwenye ukingo wa ngazi, mtu wa kuwafundisha kutumia pembe ya jicho: vitu hivyo vinamrudisha mzee kwenye kazi zake. Baba leo anapima nguo kwa utepe ambao nimeutia fundo kila sentimita 10, anaelekeza, na mdogo wangu anashona. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kuwalinda watu wanaoishi na ulemavu inawahusu hawa. Katiba yetu ya 2006, katika ibara ya 47, inahakikisha haki ya afya, na ibara ya 49 inawapa wazee haki ya hatua maalum za kuwalinda. Ninawafundisha watoto ibara hizo. Mtoto mmoja aliniuliza, «Mwalimu, hatua hizo ziko wapi?» Nimeahidi kumletea jibu lenu.

Nimetoa nakala 200 za karatasi ya baba kwa mshahara wangu. Alhamisi ya pili ya Oktoba, ambayo ni Siku ya Afya ya Macho Duniani, nitazileta kwenye ofisi ya Divisheni ya Afya, saa tatu asubuhi. Baba atakuja nami, amevaa suti aliyojishonea zamani. Akisimama mbele yenu atageuza uso kidogo pembeni, kana kwamba anatazama dirisha. Msidhani amewapuuza. Ndivyo anavyoona nyuso siku hizi, naye atataka kuziona zenu.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Komini ya Katuba, Lubumbashi